Kioo Cheusi

Baba yake, Lev Zubarev, alichomelea reli za Omsk
baridi hata baridi,
na kila alipowasha alimwambia binti:
Geuka, Faina. Mwanga huu hutia mchanga machoni.
Binti akageuka. Akatazama ukutani
kivuli cha baba kikirukaruka, pembeni buluu,
akajiuliza ni kitu gani hicho
ambacho kukiangalia ni kosa.

Miaka kumi na tisa baadaye alikijua kwa jina.
Plazma: gesi iliyopashwa moto mpaka atomi zikavuliwa nguo,
elektroni huku, ioni kule,
kila moja ikivuta zote na kuvutwa na zote,
kama ukoo kwenye mirathi.
Ndivyo alivyotufundisha siku ya kwanza,
chaki imempanda mpaka kwenye nyusi.
Tulicheka. Yeye hakucheka.
"Mirathi," akasema, "hamjawahi kugombea?"

Mashine hakuigusa hata siku moja.
Jumba la Dubu lilikuwa ng'ambo ya msitu wa mibetula,
dakika kumi na mbili kwa miguu, ishirini theluji ikizidi;
ndani yake chupa isiyo na kioo, kuta zake sumaku,
na moto wa nyuzi milioni uliotakiwa kutulia humo
kama uji kwenye ungo.
Hautulii, walisema wahandisi.
Utatulia, alisema Faina, nimeupigia hesabu.
Kurasa arobaini na moja, kwa kalamu ya risasi.
Serikali ikamwaga shaba juu ya kurasa zile.

Mwaka wa tisa, usiku wa Machi, akimenya viazi,
akaiona.
Alama ya kutoa.
Ukurasa wa kumi na saba, mstari wa tatu kutoka chini,
pale alipoandika kujumlisha.
Kisu kikabaki hewani. Maji yakachemka, yakakauka,
sufuria ikaanza kunuka.
Najua, kwa kuwa nilipanga chumba chake cha pili
na ni mimi niliyezima jiko.

Nikamwambia: nani atajua?
Wanaoweza kuusoma ukurasa huo, nchi nzima,
hawajazi benchi.
Akanitazama kama niliyetemea chai yake.
Mficha uchi hazai, sawa, lakini mwenye kujivua
hupigwa na baridi, na Siberia baridi si methali.
Akavaa koti, buti bila soksi,
akakata msitu saa nane za usiku,
akamkuta Gleb Arkadyevich zamuni, kalalia meza.
"Ulikuwa sahihi. Hautulii.
Kwa umbo hili hautatulia kamwe."
Gleb akamiminia chai, akauliza jambo moja tu:
Sukari?

Walimnyang'anya wanafunzi, ofisi, safari ya Vienna.
Wakampa meza ukumbini, jirani na ndoo za kudekia.
Hapo, miaka sita, aliandika
jinsi moto unavyokunja ukingo wake,
ukachipua vidole, ukaponyoka;
na wanaotafuta leo namna ya kuufunga
huanzia hapo, kwenye kosa lake.
Sisemi alishinda. Koti lilikuwa lile lile.

Halafu ukaja mwaka mishahara ililipwa kwa mafuta ya alizeti,
na Dubu akauzwa kwa kilo.
Vijana wakaja na vikatio vya umeme.
Faina, sabini na mbili, akasimama mlangoni,
ndani ya jumba lile kwa mara ya pili maishani.
Kijana mmoja, Rinat, mtu wa Kazan, akapiga kelele:
Bibi, geuka! Utaumia macho!

Akanyoosha mkono.
"Nipe hicho kioo."

Kofia ya chuma ilimfika mabegani.
Alitazama mpaka pete ya kwanza ya shaba ikaanguka,
mpaka ya pili.
Rinat aliona aibu kumdai.

Njiani nikamuuliza ameona nini.
Kimya. Tulipofika kwenye mibetula akasema:
"Hutetemeka ukingoni. Hilo nilijua."
Akapiga hatua chache.
"Lakini hakuna aliyewahi kuniambia
kwamba ni kijani."